Siku moja maishani mwangu: SVI asubuhi, poti ya ruta usiku

Saa 2:00 asubuhi
Kwanza `show ip interface brief` na `show ip ospf neighbor` kwenye swichi mbili za tabaka la tatu (zinazoelekeza pakiti kama ruta), moja kila jengo. OSPF ni itifaki ambayo swichi hutumia kupeana njia. Majirani wote wako FULL, yaani wamemaliza kupeana taarifa. Leo kuna VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi) mpya ya kamera, na usiku kebo kuu ya faiba kati ya majengo inahamishwa kutoka SVI (interface pepe inayoipa VLAN anwani ya IP) kwenda poti ya ruta (poti halisi yenye anwani yake ya IP, isiyo ya VLAN).

Saa 3:00
Kamera zimetawanyika kwenye swichi nyingi za ghorofani na zote zinahitaji lango moja. Hiyo ni kazi ya SVI, sioni cha kubishania.

```
vlan 30
interface Vlan30
 ip address 10.20.30.1 255.255.255.0
 ip helper-address 10.20.5.10
 no shutdown
```

Inakaa down. Kuandika `interface Vlan30` peke yake hakuundi VLAN, ndiyo maana mstari wa kwanza upo. Lakini pia SVI haiamki mpaka VLAN yake iwe na angalau poti moja iliyo hai, ya akses (VLAN moja) au ya tranki (VLAN nyingi), ambayo spanning tree, kinga dhidi ya mizunguko, imeiruhusu kupitisha data. Hapa tranki za ghorofani hazijairuhusu 30. Dawa ni `switchport trunk allowed vlan add 30`, na tafadhali usiliruke hilo `add`: bila hilo orodha nzima inafutwa, inabaki 30 tu, na ghorofa zima linakatika.

Kama kamera zinaping lango lakini hazivuki kwenda VLAN nyingine, angalia kama `ip routing` imewashwa.

Saa 5:00
Mpango wa usiku. Kebo kuu sasa ni tranki, na OSPF inapita juu ya SVI ya VLAN 99. Tatizo ni kwamba VLAN 99 imeruhusiwa pia kwenye tranki za ghorofani. Faiba ikikatika, tranki hizo zinaiweka SVI hai, na swichi inaendelea kutuma pakiti kwa jirani asiyefikika. OSPF hugundua baada ya sekunde 40, muda wake wa kawaida, ilhali kebo ya akiba ipo pembeni haina kazi. Poti ya ruta hufa pamoja na faiba yake, na njia zake zinaondolewa papo hapo. Isipokuwa katikati pana kifaa kinachoiwasha taa hata upande wa pili ukifa. Hapo inabidi BFD, itifaki ya kugundua haraka kwamba jirani amepotea.

Kabla ya kuamua, `show interfaces trunk`: poti ya ruta haibebi VLAN, hivyo VLAN yoyote inayohitaji kufika majengo yote mawili itakatika. Faiawoli mbili zinazogawana anwani moja, kwa mfano, lazima zibaki kwenye VLAN na tranki yake.

Saa 8:00 mchana
Anwani. /31 (subneti ya anwani mbili tu) inatosha, waraka wa viwango RFC 3021 uliiruhusu tangu mwaka 2000. Swichi nyingi za Catalyst (za Cisco) huipa kila poti ya ruta VLAN ya ndani, mara nyingi kuanzia 1006. Ukija kuunda VLAN yenye namba hiyo, swichi inakataa. `show vlan internal usage` inaonyesha zilizochukuliwa.

Saa 2:00 usiku
Naingia kupitia kebo ya akiba, naweka `reload in 15` (swichi ijiwashe upya baada ya dakika 15 nikijifungia nje), naanza na swichi ya mbali.

```
interface TenGigabitEthernet1/1/1
 no switchport
 ip address 10.20.255.1 255.255.255.254
 ip ospf network point-to-point
 ip ospf 1 area 0
```

Upande wa pili ni 10.20.255.0. `no switchport` inafuta usanidi wa tranki kwenye poti, hivyo nakala iwe tayari. Jirani asipotokea kabisa, mara nyingi ni `passive-interface default`, inayonyamazisha OSPF kwenye poti. Akikwama EXSTART (hatua ya mwanzo ya kupeana taarifa), linganisha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) pande zote mbili. Akifika FULL na njia hazionekani, upande mmoja umesahau `point-to-point`.

Ping ikiendelea, faiba inachomolewa. Njia zikihamia kwenye akiba bila kusubiri zile sekunde 40, inarudishwa. Kisha `reload cancel`, `no interface Vlan99`, `no vlan 99`, na `write memory` pande zote mbili.