Turbini ya bomba la shawa: hatimaye betri inachaji

Imekubali! Shawa ikifunguliwa taa ya chaja inawaka, inatulia, na betri ya lithiamu inapokea umeme mpaka koki ifungwe. Haipepesi, na rota, ile sehemu ya turbini inayozungushwa na maji, hailii ile sauti yake ya kukwama. Nimelitaka hili kwa muda mrefu, kwa hiyo leo naandika kila kitu kabla sijakisahau.

Kifaa ni turbini ndogo ya plastiki yenye jenereta ndani na hesi za nusu inchi, imefungwa baada ya koki na kabla ya kichwa cha shawa. Nimeiweka baada ya koki makusudi. Hapo haibebi presha ya bomba maji yakiwa yamesimama, na kile kishindo cha kufunga koki ghafla kinabaki upande wa pili. Kwenye bomba la chuma, maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yakizuiwa mara moja yanaweza kupandisha presha kwa zaidi ya bar 10, na sitaki gamba la plastiki lipokee pigo hilo kila siku. Kifuniko nilikifungua, nikang'oa daiodi zilizokuja nayo (vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu) nikaweka daiodi za 1N5819. Umeme unapita daiodi mbili kila mara, na za kawaida zinakula karibu volti 0.7 kila moja; hizi zinakula kama nusu ya hapo. Kwenye jenereta ya wati moja na kitu, hiyo ni mali.

Sasa nije kwenye kero yenyewe.

Bila mzigo, yaani bila kitu chochote kinachovuta umeme, maji yakipita lita 9 kwa dakika, mita inasoma volti 16. Unafurahi. Unaunganisha moduli ya kushusha volti hadi 5, nyuma yake chaja ya TP4056, nyuma yake betri. Volti zinaporomoka mpaka 4, chaja inazima, rota inapata nafuu na volti zinapanda, chaja inawaka, zinaporomoka tena. Taa inapepesa tu, na betri haipati kitu cha maana.

Ushauri unaosikika kila mahali ni kuongeza kapasita kubwa, kipande kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi. Niliongeza. Kinachobadilika ni kasi ya kupepesa tu, kwa sababu kapasita inachelewesha kuanguka lakini haiongezi hata wati moja. Ushauri wa pili ni kutafuta turbini kubwa zaidi, na huo ndio unaoniudhi, maana kubwa inakula presha zaidi na shawa inabaki kudondosha matone.

Ugonjwa uko kwenye ile moduli ya kushusha volti. Kazi yake ni kulinda volti 5 upande wa kutokea kwa gharama yoyote. Volti za kuingilia zikishuka, yenyewe inavuta ampea zaidi ili kufidia. Ampea zikizidi, sumaku inakuwa breki nzito zaidi, rota inapunguza mwendo, volti zinashuka zaidi, na moduli inavuta zaidi. Ni punda anayeongezewa gunia kila anapopunguza mwendo. Na TP4056 ikiwa na rezista yake ya kawaida ya kiloomu 1.2, inayopanga kiwango cha chaji, inataka ampea 1, yaani wati 5 kutoka kwa jenereta isiyofikisha wati 2.

Ili nijue mwisho wa jenereta uko wapi, niliweka pembeni saketi zote nikafunga rezista tupu. Oomu 100: volti 11.2, kama wati 1.25. Oomu 47: volti 8.2, wati 1.43. Oomu 22: volti 5, wati 1.14. Oomu 10: volti 2.4, wati 0.58, na hapo rota unaisikia kabisa inavyohangaika. Kilele kiko karibu na volti 8, nusu ya zile 16 za bila mzigo. Ukiiacha rota ikimbie huru una volti nyingi na nguvu sifuri. Ukiibana sana una ampea na bado nguvu ni kidogo.

Njia ya haraka ilikuwa kubadilisha rezista ya TP4056 kuwa kiloomu 10, chaji ikashuka hadi miliampea 130. Ilifanya kazi, lakini inatumia nusu tu ya kinachopatikana, na mtu akifungua shawa kidogo mchezo wa kupepesa unarudi. Sikuridhika.

Dawa imetoka kwenye ulimwengu wa sola. Chaja ya CN3791 imetengenezwa kwa paneli ndogo, na paneli ina tabia ile ile ya kuanguka ukiivuta kupita kiasi. Chipu hii unaiambia, "Volti za kuingilia zisishuke chini ya hapa," nayo inapunguza chaji yenyewe ili kulinda mstari huo. Unaupanga kwa rezista mbili: pini yake inashikilia volti 1.205, kwa hiyo kiloomu 220 juu na kiloomu 39 chini zinakupa volti 8.0 kamili. Niliunganisha, nikafungua koki, na mshale wa mita ukasimama kwenye 8 kama umepigiliwa msumari.

Ndiyo, mshale. Kwa kazi hii mita ya mshale inaishinda ya tarakimu kwa mbali. Volti zikiyumba, tarakimu zinabadilika ovyo huambulii kitu, ila mshale unakuonyesha mdundo wenyewe: unashuka haraka au polepole, unarudi mpaka wapi. Osiloskopu, inayochora mawimbi ya umeme kwenye skrini, ni bora zaidi, lakini sipendi kuwa nayo bafuni. Na kwenye hesi za plastiki tumia tepu nyeupe tu na ukaze kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana. Ukikaza kama chuma zinapasuka. Chujio la mchanga mbele ya turbini nalo ni lazima, punje moja inatosha kuisimamisha rota.

Tuwe wakweli kuhusu kiasi. Lita 1,000 zikishuka presha ya bar 1 zinabeba kilojuli 100, yaani wati-saa 27.8. Mimi napoteza bar 0.6 tu kwenye turbini, na ninachopata ni kama asilimia 15 ya kilichomo. Kujaza betri ya simu ya wati-saa 15 kunataka maelfu ya lita, kwa hiyo anayefungua maji ili achaji simu anamwaga maji bure. Na kama tangi lako linajazwa na pampu, umeme huu umeshaulipia, tena kwa hasara. Faida ya kweli ipo pale presha imezidi na ingevunjwa na vali. Mwaka 2015 Portland, Oregon, ilianza kupata umeme kwa turbini zilizowekwa ndani ya bomba kuu la maji yanayoshuka kwa mteremko, na hilo nalielewa kabisa. Nyumbani kinachoeleweka ni kifaa kidogo kinachojitegemea, kama yale mabomba ya sensa ya kampuni ya Toto ya Japani yanayochaji umeme wake kila mtu anaponawa mikono. Shawa ya dakika 10 inanipa kama wati-saa 0.23, ambayo ni taa ya LED ya wati 0.2 kwa takriban saa moja.

Hiyo taa ndiyo ilikuwa hatua inayofuata. Sensa ya mwendo ninayo, kiboksi cha kuzuia maji ninacho. Lakini nimepata wazo jingine na taa itasubiri.

Udhaifu wa CN3791 ni kwamba mstari wa volti 8 haubadiliki. Maji yakiwa kidogo, volti za bila mzigo ni 9, kilele kiko karibu na 4.5, na chipu inakaa juu ikichukua karibu hakuna. Nataka kompyuta ndogo ya chipu moja inayokata mzigo kwa muda mfupi, inasoma kasi ya rota ikiwa huru, kisha inapanga upya mstari kwenye nusu ya volti za bila mzigo. Na rota ikiwa huru, marudio ya umeme kabla ya daiodi yanafuata wingi wa maji. Yaani turbini hiyo hiyo inakuwa mita ya maji! Ikiwa na mzigo inadanganya kwa sababu imepigwa breki, ndiyo maana lazima ukate kwanza.

Nimeshatoa waya wa ziada kutoka kwenye koili ya jenereta, kwa sababu upande wa DC, yaani baada ya daiodi, kapasita inaficha kila kitu. Tatizo jipya: mzigo ukikatwa, rota inachukua karibu nusu sekunde kufikia kasi yake huru. Ukisoma mapema unapata namba ndogo, na ukikata mara kwa mara unapoteza chaji. Naanza na kukata mara moja kila sekunde 20, nikilinganisha na ndoo ya lita 10 na saa ya kusimamisha. Ramani ya namba hizo nitaiweka ikishakuwa na mstari unaoeleweka.