Fomu ya Kuchagua Masomo

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta cheti cha kuzaliwa, nikaibuka na fomu ya kuchagua masomo niliyoijaza nikiwa na miaka 16. Nasema niliijaza, lakini mwandiko si wangu. Kwenye mstari wa "kazi unayotarajia kufanya" pameandikwa UHASIBU kwa wino wa bluu, herufi zimelalia kulia kama baba anavyoandika mpaka leo. Chini ya wino kuna alama za penseli iliyofutwa. Nimeiinamisha karatasi kwenye taa mara tatu, naambulia "ual" tu. Ualimu, nadhani.

Mimi ni mhasibu, huu mwaka wa 11. Kazi siichukii. Hesabu zikilingana mwisho wa mwezi, nalala usingizi mzito.

Ila fomu ile ilinirudisha kwa James Marcia, mwanasaikolojia niliyemsoma kijuujuu chuoni kwa ajili ya mtihani nikamsahau. Mwaka 1966 alichapisha utafiti wa wanafunzi 86 wa chuo, wote wanaume (jambo ambalo wengi wanaomtaja hulipita kimya). Alitaka kujua mambo mawili: je, umewahi kuhangaika kujitafuta, na je, kuna ulichokishika kwa dhati? Kuna asiyehangaika wala kushika chochote. Kuna ambaye bado anahangaika. Kuna aliyehangaika mpaka akafika. Na kuna aliyefika bila kuhangaika hata siku moja, kwa sababu njia aliikuta imeshachorwa na wakubwa wake. Huyu wa mwisho namwita "aliyefunga mapema", kama mtu anayefunga mjadala kabla haujaanza.

Katika maswali yake Marcia aliuliza: ungekuwa tayari kiasi gani kuiacha kazi uliyoichagua, kikitokea kilicho bora zaidi? Nilijikuta nimeshajibu "siwezi" kabla sijafika kwenye alama ya kuuliza. Tena aligundua kwamba waliofunga mapema walikuwa wakijiwekea malengo makubwa kupita uwezo. Hapo nilicheka peke yangu. Mitihani ya bodi niliifeli mara mbili, na kila nilipofeli nilijiandikisha karatasi nyingi zaidi ya zile za mwanzo.

Marcia alijenga juu ya msingi wa Erik Erikson, mwanasaikolojia yule aliyeyagawa maisha ya mtu katika hatua nane. Hatua zenyewe utazikuta popote. Mimi kinachonivutia ni mtu. Alizaliwa Frankfurt mwaka 1902, na baba aliyemzaa hakuwahi kumjua. Alilelewa na baba wa kambo, daktari wa watoto, akiaminishwa kwamba ndiye baba yake hasa. Daktari akataka kijana naye asomee udaktari. Kijana akakataa, akazunguka Ulaya akichora picha. Shahada ya chuo kikuu hakuwahi kuipata, na bado alikuja kuwa profesa Harvard. Mwaka 1939, alipopata uraia wa Marekani, alichukua jina la Erikson, yaani mwana wa Erik. Kama vile amejizaa mwenyewe! Nilipofika hapo nilimwonea wivu wa wazi, kisha nikampigia baba simu nikiwa na mashtaka yangu tayari.

Nikamwamkia, nikamweleza kuhusu fomu. Akanyamaza kidogo.

"Mimi sikutaka kuijaza," akasema. "Wewe ndiye uliyeniletea kalamu. Ulisema mwandiko wako mbaya, wataikataa."

"Na uhasibu?"

"Nilikuuliza niandike nini. Ukasema, andika unavyoona, baba."

"Na pale penye penseli?"

"Hapo uliandika mwenyewe, ukafuta mwenyewe, kabla hujanifikia."

Sikumbuki hata chembe. Sikumbuki kuitaka ualimu, wala kuifuta, wala kumpelekea mtu kalamu. Inawezekana mzee anajisafisha. Inawezekana pia anasema kweli, na hilo ndilo linalonikosesha raha. Katika hali zile nne nilikuwa nimeshamweka baba nyuma ya mlango, yeye ndiye mwenye ufunguo. Sasa sijui nimpange wapi kijana wa miaka 16 anayefuta neno lake kwa mkono wake, kisha anakwenda sebuleni kutafuta mtu wa kumwandikia jingine.

Fomu nimeirudisha kwenye bahasha yake. Cheti cha kuzaliwa bado sijakiona.