Usiku wa Mwanya

Binti yangu alikuwa na miaka minane, na kila alipofunga mdomo meno yake ya chini yalipita mbele ya yale ya juu. Shuleni walimwita Kidevu. Akazoea kuziba mdomo kwa kiganja akicheka, na hata picha za Idi mkono uko palepale.

Kliniki ya kwanza tuliyompeleka walituambia tungoje meno yote ya utotoni yang'oke kwanza. Tukangoja mwaka mzima. Mwaka huo unaniuma mpaka leo, maana daktari wa pili, bingwa wa kupanga meno, alimpima akatuambia kwamba taya la chini la mtoto huyu halikuwa na neno. La juu ndilo lililodumaa: jembamba, tena limebaki nyuma. Akachukua fuvu la plastiki, akanionyesha mshono unaopita katikati ya kaakaa. Kwa mtoto mdogo nusu mbili za mfupa hazijashikana sawasawa, zinasogezeka. Akishabalehe mshono unakaza, na akiwa mtu mzima mara nyingi hakuna njia ila upasuaji.

Basi akagandishiwa chuma kwenye magego ya juu, chenye skrubu katikati, nami nikakabidhiwa kijifunguo chembamba kama pini. Nizungushe robo mzunguko asubuhi na robo usiku. Kila robo inatanua robo milimita. Kwa kusema ni kitu kidogo.

Usiku wa kwanza umeme ulikatika. Mama yake akashika tochi ya simu, mimi nikapiga magoti mbele ya kochi. Mikono hii imefunga nati za malori miaka kumi na tano, lakini siku ile ilitetemeka. Nikatafuta tundu la skrubu, nikalikosa mara mbili. Mtoto kaachama, macho kanikazia mimi. Nikasema Bismillah, nikasukuma ufunguo kuelekea kooni mpaka tundu jingine likajitokeza. Akasema pua inamkaza, hapa kati ya macho. Nikatoka nje nikasimama uani kitambo. Daktari alishanitahadharisha kwamba atasikia hivyo, lakini kuambiwa ni mbali na kumtenda mwanao kwa mkono wako.

Siku ya nane bibi yake aliwasili kutoka Tanga. Usiku, nilipomaliza kuzungusha, akaja kuchungulia na yeye.

"Mwanangu, hebu sogeza taa. Huyu ana mwanya!"

Kweli. Meno mawili ya mbele, yaliyokuwa yamebanana, yalikuwa yameachana hata ncha ya kijiti ingepita. Ndiyo ishara tuliyoambiwa tuingojee, kwamba mshono umefunguka. Nilijikuta nalia. Bibi wala hakuwa na habari ya mshono, alipiga vigelegele mpaka jirani akauliza kuna nini, akimwambia mjukuu wake, "Mke mwenzangu, uzuri wa kwetu huo, watu wanautamani!"

Nikamweleza kwamba hautakaa. Nyuzi za fizi zitayavuta meno yarudiane taratibu. Halafu inakuja kazi ndefu zaidi: barakoa ya chuma inayoegemea paji la uso na kidevu, raba mbili za kulivuta taya la juu mbele, saa kumi na nne kwa siku, kwa miezi mingi. Na hata baada ya hapo atapimwa kila mwaka, kwa sababu taya la chini huendelea kukua mpaka ujana uishe.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. "Haya, kama hautakaa, mpige picha sasa hivi."

Nikampiga. Amekaa juu ya mkeka, kaegemea paja la bibi yake, anacheka mwanya wote uko nje. Mikono yake miwili iko chini, imeshika khanga ya bibi.