Piko Isiyotoka

Tangu jana ngazi zote zanuka mkaratusi. Majirani wa chini wana harusi, na wamekoroga hina beseni zima. Kwa watu wengine hii ni harufu ya vigelegele. Mimi nikiinusa, najiwa na unyayo wa Khale, dada yake mama.

Ilikuwa Kibokoni, Mombasa, usiku wa kumpaka hina mdogo wangu wa mwisho. Bi harusi alikuwa keshamalizwa, kalazwa kwenye godoro mikono imenyooshwa, anaomba akunwe pua. Zamu ikafika ya wakubwa. Khale alisema mapema kwamba piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, ni ya wasichana, yeye apakwe hina tupu, tena nyayoni tu. Akaketi kitini, akaupandisha mguu mapajani pa mpaka hina.

Huyo mpaka hina ni mama wa mtaa wa Kuze, rika la Khale, na mdomo wake haupumziki. Usiku ule alikuwa katikati ya kisa cha mkwewe na friji. Akachukua kitambaa chenye maji kufuta magaga ya kisigino kabla ya kupaka. Akafuta mara moja, na kisa cha friji kikakatika.

Akafuta tena. Akachukua pamba, akaitia mafuta, akasugua kwa nguvu.

"Shoga, piko hii ni ya harusi ya nani?"

"Piko nimeiacha zamani. Hiyo alama tu. Nilidungwa na mwiba."

"Mwiba gani unaokua?"

Wote mle chumbani tukageuka. Akaomba taa, mtu akawasha simu na kumulika. Chini ya kisigino palikuwa na doa, upana wake kama ncha ya kidole gumba, upande mmoja kahawia, upande wa pili jeusi tititi, na ukingo wake umetawanyika kama wino uliomwagikia karatasi mbovu. Shangazi mmoja akacheka, akasema hata yeye ana madoa nyayoni, na nani hana? Kweli, akavua kiatu akatuonyesha. Mpaka hina akautizama mguu wa shangazi kwa heshima, akaurudisha chini.

"Miguu ya mji huu nimeishika mimi," alisema. "Madoa nayajua. Doa hukaa. Hili linatembea." Akauminya unyayo wa Khale kwa ukucha wake. "Harusi ya mwaka jana nilikupaka mguu huu huu. Lilikuwa laishia hapa." Akahamisha ukucha. "Leo liko hapa."

Khale akataka kuvuta mguu. Yule mama hakuuachia. Akasema hapaki. Akilifunika kwa hina kila mtu atalisahau, na litakuja kukumbukwa likishaanza kutoka damu. Khale akasema amelipwa apake, si kuagua. Akajibiwa kwamba basi atapaka ule mwingine. Na wallahi akaupaka ule mwingine, maua mpaka kwenye kifundo, akaosha mikono, akaomba chai. Khale alikwenda harusini na mguu mmoja wa hina, soksi kwenye wa pili, na hakunisemesha siku nzima kwa sababu mimi ndiye niliyeshika simu.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mwenye duka la dawa mmoja alitaka kutuuzia dawa ya chunjua. Tulishukuru, tukapanda tuktuk hadi Makadara, Hospitali Kuu ya Pwani.

Kwenye benchi tulikaa na kijana mwenye ualbino, kofia pana, sikio limefungwa bendeji. Anauza nguo Kongowea. Akamwambia Khale, kama anayesimulia habari za mvua, kwamba kipande cha sikio kimekatwa, kilikuwa kidonda kilichokuwa kikifanya gamba, kinabanduka, kinarudi. Saratani ya seli bapa. Hiyo ni ya jua, alisema, na ndiyo inayowaandama sana watu wa ngozi yake. Siku hizi havai mikono mifupi, na losheni ya jua huipata bure kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Khale, aliyevaa buibui maisha yake yote, akamuuliza: "Na mimi jua limenipatia wapi huko chini, mwanangu?" Kijana hakuwa na jibu.

Daktari wa ngozi alikuwa binti mdogo, akaanza na shikamoo. Akaupaka unyayo jeli, akaweka kikuza chenye taa, akainama muda mrefu. Kisha akaniita nami nitizame. Ngozi ya unyayo ina matuta na mifereji. Doa lisilo na neno kwa kawaida rangi yake hukaa ndani ya mifereji. La Khale lilikuwa limepanda juu ya matuta. Akampapasa kinenani kutafuta mtoki, hakuuona. Akapiga ganzi, akakata kipande, kikatiwa fomalini, kikapelekwa maabara.

Majibu yakasema melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi, aina ile inayoota nyayoni, viganjani na chini ya kucha. Mjomba, aliyekuja kama msemaji wa familia, akasema saratani ya ngozi ni ya Wazungu. Daktari akamwambia Wazungu kweli huipata zaidi, na nyingi zao ni ile ya seli za chini, inayokua polepole, mara nyingi usoni, na ni nadra kusambaa. Sisi weusi ile ya seli bapa hupenda kuotea kwenye makovu ya moto na kidonda ndugu kilichokaa miaka bila kupona. Melanoma kwetu ni adimu, lakini ikija hujificha mahali pasipotizamwa, na jua si sababu yake kuu huko. Akamtajia Bob Marley: mwaka 1977 jeraha la kidole gumba cha mguu lilidhaniwa la mpira, kumbe melanoma chini ya ukucha. Alikataa kukatwa kidole. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981, umri miaka 36. Mjomba ana kaseti zake zote. Akanyamaza.

Linaloamua zaidi ni kina, nacho hupimwa kwa milimita. La Khale halikuwa limefika milimita moja. Wakalikata pamoja na sentimita moja ya ngozi nzima kulizunguka, wakapaziba kwa kiraka cha ngozi ya paja. Lingezama zaidi, lingeweza kuingia kwenye tezi, halafu mapafuni, na hapo kisu hakitoshi; kuna dawa za kuamsha kinga ya mwili, ambazo bei yake ilimfanya mjomba avue miwani na kuifuta.

Khale yupo, anatembea, anagombana. Ukimuuliza atakwambia daktari ndiye aliyeliona. Mama wa Kuze naye analalamika kwamba siku hizi watu humnyooshea nyayo hata msibani, na wengi wao wana madoa ya kuzaliwa nayo, hayana kitu. Nikifikiria kuwahimiza watu wakaguane miguu, nawakumbuka hao. Nikinyamaza, namkumbuka Khale na jiwe lake la magaga, akilisugua doa kila Ijumaa.

Sasa kuna binamu yangu wa Tudor. Ana mstari mweusi kwenye ukucha wa kidole gumba cha mkono, anasema alibanwa na mlango wa matatu. Labda. Wengi wetu tuna mistari kwenye kucha, tena kadhaa, na haina neno. Wake uko peke yake, unapanuka, na weusi umeanza kuigusa ngozi ya shina la ukucha. Damu iliyovilia husogea mbele kadiri ukucha unavyokua. Huu hausogei. Nimemwambia. Amesema atakwenda harusi zikiisha, na kwamba Jumamosi anapakwa hina kucha zote kumi. Hakunitajia nani atakayempaka.