Racheti ya inchi katika gereji ya milimita

Ukipita kwa wanunuzi wa chuma chakavu wa Muheza au Korogwe, ukaomba ruhusa ya kuchambua lundo kabla halijapakiwa kwenye lori, mara nyingi utakuta humo vifaa vya mkono ambavyo havijavunjika, havijapinda wala havijalika. Ni spana nene zilizochongwa namba za sehemu za inchi, soketi (vikombe vya chuma vya kuvisha nati) zilizoshikana kwa kutu, na racheti ndefu, yaani mipini ya kuzungushia soketi inayorudi nyuma bila kuigeuza nati, zenye vichwa vizito vya mviringo. Vimefika hapo kwa sababu nati vilizotengenezewa zimekwisha kutoweka barabarani na mashambani. Gari la Toyota linaloingia gereji leo linataka spana namba 10, 12, 14, 17 na 19, zote za milimita, na kijana aliyerithi sanduku la babu yake akiona humo 5/16 na 7/16, analipeleka sanduku zima kwenye mizani na kulipwa kwa kilo.

Nimekuwa nikikusanya na kutengeneza vifaa vya aina hii kwa muda mrefu, na ninachotaka kueleza hapa ni kwamba kijana huyo ana haki kwa upande wa soketi, lakini kwa upande wa racheti anapoteza kifaa ambacho kingemfaa mpaka azeeke. Soketi ya inchi hufa pamoja na nati yake. Racheti haifi kwa namna hiyo, kwa kuwa kinachoiunganisha na soketi ni ile ncha ya mraba yenye upana wa nusu inchi, yaani milimita 12.7, na mraba huo haukubadilika hata baada ya viwanda vya Ujerumani na Japani kujaza dunia nati za milimita. Soketi namba 17 iliyonunuliwa dukani wiki hii inaingia barabara kwenye racheti ya Kiingereza iliyotengenezwa kabla ya uhuru wa Tanganyika.

Jambo hili linatokana na uamuzi wa zamani wa kutenganisha soketi na mpini. Hataza ya Marekani ya spana ya soketi yenye racheti ilitolewa mwaka 1863 kwa J. J. Richardson wa Woodstock, Vermont, lakini kwa miongo mingi baadaye mafundi wengi waliendelea kutumia soketi zilizoshikamanishwa na mipini yake moja kwa moja, kila ukubwa na mpini wake. Mwaka 1920 Joseph Johnson na William Seidemann walianzisha kampuni ya Snap-on huko Milwaukee wakiuza seti ya soketi 10 na mipini 5 inayobadilishana, kwa tangazo kwamba vitano hufanya kazi ya hamsini. Hesabu yenyewe ni nyepesi, 10 mara 5, lakini ndiyo iliyoufanya mpini kuwa mali ya kudumu na soketi kuwa kitu cha kubadilisha.

Kuhusu namba za inchi, yafaa nieleze kidogo, kwa maana hapo ndipo wengi hukata tamaa. Zipo namba za aina mbili zinazofanana kwa sura. Vifaa vya mfumo wa Whitworth, uliopendekezwa na Joseph Whitworth mwaka 1841, huandikwa kipenyo cha bolti, wala si upana wa kichwa cha nati kutoka ubavu hadi ubavu. Kwa hiyo spana ya Whitworth iliyoandikwa 1/4 ina mdomo wa takriban milimita 13.3, jambo linalomshangaza kila anayetegemea milimita 6. Vifaa vilivyokuja baadaye, baada ya Marekani, Uingereza na Kanada kukubaliana mwaka 1948 juu ya mfumo mmoja wa bolti, huandikwa upana halisi wa kichwa. Nyingi za Whitworth zina alama mbili, kwa mfano 1/4 W (Whitworth) na 5/16 BS (bolti za Kiingereza za uzi mwembamba), kwa sababu bolti za uzi mwembamba zilikuwa na vichwa vidogo kwa hatua moja. Ukishaelewa hivyo utagundua kwamba hata soketi si zote za kutupa: ya 3/4 ya mfumo wa upana ni milimita 19.05, nayo hukaa vizuri kwenye nati ya 19; ya 5/16 hukaribia 8; na ya Whitworth 3/8 ni milimita 18 kamili kwa matumizi ya gereji. Ile ya Whitworth 1/4 usiijaribu kwenye nati ya 13 iliyokaza, kwa maana itazikata pembe zake.

Vifaa hivi vilifikaje kwetu kwa wingi namna hii? Mashamba ya mkonge, reli na idara za serikali ya kikoloni vilitumia mitambo ya Uingereza, na mitambo hiyo ilikuja na spana zake. Land Rover za mwanzo, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948, zilifungwa kwa bolti za mifumo ya Kiingereza. Kisha kulikuwa na ule Mpango wa Karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ambao ulikusanya matrekta na mitambo iliyobaki kutoka vitani, vikiwemo vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Karanga hazikuota kama walivyotarajia wakubwa wa London, lakini chuma kilibaki nchini. Ukikuta kifaa kimegongwa alama ya mshale mfupi mpana pamoja na mwaka, tuseme 1943, hiyo ni mali ya zamani ya jeshi la Uingereza, na mara nyingi kitakuwa cheusi bila kromu, ule utando wa madini unaong'aa, kwa kuwa wakati wa vita madini ya aina hiyo yalikuwa na kazi nyingine. Mimi huvipenda hivyo vyeusi kuliko vyote, kwa sababu kifaa kisicho na kromu hakina cha kubambuka.

Sasa tuingie kwenye matengenezo, ambako ndiko raha yangu iliko.

Racheti nyingi za zamani zinafunguka. Nyuma ya kichwa kuna kifuniko kilichoshikiliwa kwa skrubu mbili au kwa klipu ya mviringo, na ndani yake kuna gurudumu la meno, kipande kidogo cha chuma ambacho mimi nakiita ulimi, springi, na gololi. Mpini ukizungushwa upande wa kukaza, ulimi hujiegemeza kwenye jino na kulisukuma. Ukirudishwa nyuma, springi huuacha ulimi uruke juu ya meno, na hapo ndipo unaposikia ule mlio wa tikitiki. Gurudumu la meno 24 linahitaji nyuzi 15 za mzunguko kabla ya kushika jino linalofuata, la meno 36 linahitaji nyuzi 10, na la meno 72 linahitaji nyuzi 5 tu. Katika nafasi finyu nyuma ya injini meno 72 ni neema, lakini meno machache ni makubwa, na jino kubwa huvumilia uchafu na mafundi wasio na subira. Racheti nyingi za zamani ninazookota ni za meno makubwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuwa bado zipo.

Kabla ya kufungua, skrubu hulowekwa kwa mafuta ya kupenya. Mafundi wetu hutumia dizeli au mafuta ya taa, nayo yanafaa ikiwa huna haraka. Mchanganyiko wa nusu asetoni na nusu mafuta ya gia otomatiki hupenya vizuri zaidi, ila uutikise kila mara na uuweke mbali na moto. Bisibisi inayojaza ufa wote wa skrubu ni ya lazima, na mimi huchonga ncha ya bisibisi ya bei rahisi kwa tupa mpaka ikae bila kucheza. Kufungua skrubu ya miaka 70 kwa bisibisi iliyochakaa ni kuiharibu kwa makusudi. Ukishafungua, piga picha ya mpangilio wa ndani kabla ya kugusa chochote, kisha funika kichwa kwa kitambaa, kwa kuwa springi ina tabia ya kuruka na haitafuti mahali pa karibu pa kuangukia.

Mara nyingi sana ugonjwa wote ni grisi iliyoganda. Mtu alipaka grisi nzito ya beringi za magurudumu, ikachanganyika na vumbi ikawa udongo, na ulimi ukashindwa kurudi kwenye jino kwa wakati. Racheti ya namna hiyo huteleza chini ya nguvu, na anayeitumia huamini kwamba meno yamelika. Osha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, kausha, weka matone machache ya mafuta mepesi kama ya cherehani, na grisi usiiweke kabisa kwenye meno madogo.

Springi ikiwa imechoka, ya kalamu ya wino huwa laini mno. Ile inayosukuma jiwe la kiberiti cha gesi ina nguvu zaidi na hukatwa kwa urefu unaotakiwa. Gololi inayoshikilia soketi hupatikana kwa fundi baiskeli. Zile za ekseli ya mbele ni za 3/16 ya inchi na za ekseli ya nyuma ni za 1/4, vipimo ambavyo watengenezaji wa racheti nao walivipenda, kwa hiyo nusu ya vipuri vyangu vinatoka kwa mtu ambaye hajawahi kushika racheti maishani mwake.

Ulimi uliolika ni kazi nzito kidogo. Ukiwa umelika ncha tu, jiwe la kunolea lenye mafuta linatosha kuurudishia ukingo, mradi pembe ya awali isibadilishwe. Tupa ya kawaida itateleza juu yake kwa sababu chuma chake kimetiwa ugumu. Ukiwa umemeguka, hutengenezwa mwingine kutokana na tupa iliyokwisha makali, kwa kuwa tupa ni chuma chenye kaboni nyingi. Tupa hupashwa moto mpaka iwe nyekundu na kuachwa ipoe taratibu ndani ya majivu, hapo hulainika na kukubali kukatwa na kuchongwa. Umbo likikamilika, kipande hupashwa tena mpaka sumaku isikishike, kisha hutumbukizwa kwenye mafuta. Sasa ni kigumu kama kioo na kitavunjika hivyohivyo, kwa hiyo husuguliwa king'ae na kupashwa polepole huku ukitazama rangi: kwanza njano ya majani makavu, karibu nyuzi joto 230, kisha kahawia, kisha zambarau karibu 280. Kwa ulimi wa racheti mimi husimama kwenye kahawia inayoelekea zambarau. Anayesimama kwenye njano atapata ulimi mgumu unaomeguka, na siku ukimeguka ni vifundo vya vidole vyake vitakavyogonga bamba la injini.

Kutu ya nje ina njia nyingi. Siki ya usiku mmoja huondoa kutu nyepesi, na baada yake kifaa huoshwa kwa maji yenye soda ya kuokea ili tindikali isiendelee kula. Kwa vipande vikubwa kama jiliwa hutumiwa umeme: ndoo ya plastiki, maji yenye soda ya kufulia, chaja ya betri, waya hasi kwenye kifaa na waya chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida. Magadi ghafi ya sokoni hayafai sana kwa kazi hii kwa sababu yana chumvi ndani yake. Chuma kisichoshika kutu kisitumiwe kamwe upande wa chanya, kwa kuwa huyeyusha kromu yenye sumu ndani ya maji, na kazi ifanyiwe nje, maana hewa ya hidrojeni inayotoka hulipuka. Vifaa vyenye kromu inayobambuka siviweki humo, na siku hizi sivinunui kabisa. Magamba ya kromu hukata mkono kama wembe.

Kuna kipengele kimoja kinachonisaidia kukadiria umri. Kitufe cha nyuma ya kichwa kinachoachia soketi kwa dole gumba kilibuniwa na Peter Roberts, kijana wa miaka 18 aliyekuwa akifanya kazi katika duka la Sears huko Marekani, akapata hataza mwaka 1965. Sears ilimlipa dola 10,000, na baadaye aliposhitaki, mahakama mwaka 1977 ilimpa dola milioni 1, ingawa kesi iliendelea miaka mingi baada ya hapo. Kwa hiyo muuzaji akikuapia kwamba racheti yenye kitufe hicho ni ya wakati wa Mjerumani, mwache aape, nawe ulipe bei ya chuma chakavu.

Ninaowatazama kwa huzuni ni wale wanaokiweka kifaa cha zamani kwenye mashine ya kung'arisha mpaka jina la kiwanda, namba na ule mshale wa jeshi vyote vifutike. Mimi husimama pale kutu inapokwisha na mitambo ya ndani inapozunguka bila kukwama; weusi wa mpini nauacha. Vilevile siipashi racheti moto wa gesi ili kufungua skrubu iliyogoma, kwa kuwa moto huo huo unaolegeza skrubu huondoa ugumu wa meno. Na baada ya kuitengeneza siivishi bomba kwenye mpini ili kupata nguvu. Nati ya gurudumu iliyokaza hufunguliwa kwanza kwa mpini mrefu usio na meno, kisha racheti humalizia.

Hapa Tanga, hewa ya bahari ina chumvi, na kifaa kilichosafishwa kikaachwa kikavu hurudiwa na kutu kabla ya mwezi kuisha. Mimi hupaka utando mwembamba wa mafuta ya injini mapya na kuvipanga kwenye sanduku la mbao. Sponji zile zinazouzwa pamoja na masanduku ya kisasa nimezitoa, kwa kuwa hunyonya unyevu na kuubana palepale kwenye chuma.