Siku ya 19 ya kula chapati kwa lazima

Leo ni siku ya 19 nakula chapati mbili kila asubuhi, na si kwa raha. Anayezijua chapati za Ngamiani hapa Tanga, zile za samli zinazochanika matabaka, atadhani naringa. Tatizo ni kwamba mimi na ngano tuna kesi, na kesi yenyewe haijaamuliwa.

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko Barabara ya 12. Ni karibu miaka mitatu sasa nachoka hovyo. Nikipanda ngazi moyo unagonga, tumbo linajaa gesi, choo hakieleweki. Nimemeza dawa za minyoo, nimetobolewa kidole kwa malaria mpaka kikaota sugu, nimepewa vidonge vya kuongeza damu. Damu inapanda, vidonge vikiisha inashuka tena.

Mwaka jana dada yangu anayeishi Uswidi akakutwa na ugonjwa wa seliaki. Mwenye ugonjwa huu akila gluteni, ile protini inayofanya unga wa ngano uvutike, kinga ya mwili wake inageuka kuushambulia utumbo mwembamba. Vile vinyweleo vya ndani vinavyofyonza chakula vinalala kama nyasi zilizokanyagwa, ndiyo maana hata madini ya chuma hayaingii vizuri. Shayiri na ile nafaka ya Ulaya iitwayo rai nazo zina kesi. Mchele, mahindi, mtama na muhogo havina. "Mdogo wangu," akaniambia, "sisi tumetoka tumbo moja. Katika ndugu kumi wa mgonjwa, karibu mmoja huwa nao. Kapime."

Mama aliposikia akasema hayo maradhi ya Wazungu. Dada akamwambia habari za watoto wa Kisahrawi, walioko kwenye kambi za wakimbizi kule Algeria: utafiti uliotoka 1999 uliwakuta asilimia 5.6 wanao, wakati Ulaya ni kama mtu 1 kati ya 100. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama Wasahrawi wanakula chapati. Ngano wanakula, tena sana.

Mimi nikafanya kosa usiku uleule: nikaacha ngano. Hakuna andazi, hakuna chapati, hakuna tambi za nazi. Nikahamia kwenye vitumbua, mihogo na mofa ya mtama, mpaka siku nilipomwona muuza mofa akimimina unga wa ngano kwenye beseni "ili ishikane." Mofa nayo nikaiacha. Baada ya miezi miwili nikawa napanda ngazi bila kusimama.

Ndipo vipimo vya seliaki alivyotuma dada vikafika, viwili, vimeletwa na rafiki yake hadi Dar, vikapanda basi hadi stendi ya Kange. Umbo lake kama kile cha malaria: tone la damu ya kidole, matone ya maji yake, subiri dakika 10. Mstari wa kwanza unaonyesha maji yamepita sawasawa. Wa pili ukitokea, hata uwe umefifia, kingamwili za ugonjwa huu zipo, yaani zile silaha zinazotengenezwa na kinga ya mwili. Kama fundi, niliupenda ujanja wake. Kimeng'enya ambacho kingamwili hizo hukifuata hakikutoka kiwandani, kimo kwenye chembe nyekundu za damu yako. Yale maji yanazipasua chembe, kimeng'enya kinatoka, kingamwili zikiwepo zinakishika, na mstari unavinasa vyote pamoja. Mtu unapimwa kwa vipuri vyako mwenyewe.

Dada alituma pia programu ya simu. Kwanza maswali, halafu unapiga picha ya kipimo nayo inausoma mstari, maana macho ya watu hubishana mstari ukififia. Kwa siku unakula vipande vingapi vya mkate? Pasta je? Piza? Andazi halimo. Nikajaza sifuri, sifuri, sifuri, ikapokea bila kuniuliza kulikoni. Ilipouliza kama nina upungufu wa damu nikajibu ndiyo, na hapo ikanipandishia kiwango cha hatari.

Mimi nashinda na programu, najua kila moja ina aliyeiandika, na aliyeiandika ana watu wake kichwani. Huko ilikotoka, mwanamume kupungukiwa damu ni jambo la kushtua. Huku kwetu kuna malaria, kuna safura, kuna mtu anashindia chai kavu. "Ndiyo" ni ileile, uzito wake si uleule.

Kwenye picha ikanisumbua. Kivuli cha simu kilikuwa kinaangukia kipimo, nikapiga mara nne. Mwisho ikasema mstari mmoja, sina.

Nikamtumia dada nikingoja hongera. Akaniletea maswali mawili: ulikuwa unakula ngano, na vipimo uliviweka wapi?

Ngano ukiiacha, kingamwili zinapungua zenyewe. Kipimo kinatafuta moshi wakati moto nimeshauzima. Na vipimo vilikaa kibandani, kwenye droo, chini ya bati, mwezi wa Januari. Kiboksi kimeandikwa visizidi nyuzi 30. Droo ile gundi ya vioo inalainika bila kupashwa. La joto ni uzembe wangu, nimekubali. Lakini programu iliona sifuri tatu, ikala picha yangu na kunipa jibu kwa sauti ya hakimu. Swali moja tu, "uliacha lini?", lingeniokolea kipimo.

Daktari niliyemwendea hakucheka. Akasema nirudi kwenye ngano wiki 6 hadi 8, kila siku, halafu nipimwe damu maabara pamoja na kiwango cha jumla cha IgA, kwa sababu wapo ambao mwili hautengenezi aina hiyo ya kingamwili na kwao mstari hautokei hata wakiwa wagonjwa. Majibu yakidai, ni mpira wenye kamera, wachukue vinyama vya utumbo wavitazame.

Mke wangu akaniangalia. "Miezi miwili umeninyima kupika chapati, leo unazila kama dozi?" Anasukuma hivyohivyo, moja yangu anaifanya nene. Ngazi zimeanza kuwa ndefu tena.

Kipimo kilichobaki nimekihamishia kwenye friji la mama, chini ya barafu za ubuyu anazowauzia watoto. Juzi mmoja kakiona wakati anachagua barafu yake, na sasa mtaa mzima unauliza nyumba ile nani ana mimba.