Kiota kilichobaki hewani

Picha yangu ya kwanza ya sokwe niliichora usiku mmoja tu, kwa hasira, baada ya kupita barabara ya Mwandiga, hapa kwetu Kigoma, na kukuta magunia ya mkaa yamepangwa kama ukuta. Nilimchora sokwe amekumbatia dunia inayoungua, machozi yanamtiririka. Nikairusha mtandaoni. Kufika asubuhi watu wa Dar es Salaam na Arusha walikuwa wameshaisambaza na kuandika maneno mazuri, nami nikaona kazi nimeifanya.

Wiki ile ile baba mdogo alishuka mjini kutoka kijiji cha Mwamgongo kuuza dagaa. Nikampa simu aione. Akaivuta picha kwa vidole viwili ikawa kubwa, akaikagua huku na huku, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hapa ni wapi?" Nikamwambia ni popote tu, ni duniani. Akanirudishia simu. "Sokwe halii machozi," akasema. "Anapiga kelele, ananyamaza, anajitenga peke yake. Machozi hana."

Maneno yale nilikaa nayo siku kadhaa. Waliosifu picha yangu hawana shoka. Wenye mihogo kwenye miteremko, wachoma mkaa, akina mama wanaotafuta kuni, hao hawakuona chochote chao ndani yake, wakati sokwe ni jirani yao tangu wazaliwe. Nikaamua picha inayofuata iwe ya kilima kimoja kinachojulikana, tena iwe ya kweli kiasi kwamba mtu wa pale akiiona aonyeshe kwa kidole shamba la nani liko wapi.

Nikapanda boti Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, simu nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni. Ukielekea kaskazini, vilima vyote viko mkono wako wa kulia. Kwanza unapita miteremko iliyolimwa hadi juu, udongo mwekundu umechanika kwa mifereji ya mvua. Baada ya Mtanga msitu unaanza ghafla, mweusi kwa ukijani, umeshuka mabondeni hadi ufukweni ambako nyani wanatembea kwenye kokoto. Hiyo ndiyo Gombe. Kisha msitu unakatika tena na Mwamgongo inaanza. Mpaka unauona kwa macho, huhitaji kibao.

Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika hapa Julai 1960, enzi ambazo msitu uliendelea mbele zaidi ya pale unapokomea leo. Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliruka juu yake kwa ndege ndogo, akakuta msitu umebaki kama kisiwa, umezungukwa na vilima vitupu. Ndipo mwaka 1994 taasisi yake ikaanzisha mradi wa Tacare, wa kushirikiana na vijiji, kwa sababu ilionekana wazi kwamba huwezi kumlinda sokwe huku jirani yake hana kuni wala chakula. Habari hizo nilikuwa nimezisoma shuleni. Ndani ya boti lile, nikiwa nimeketi kati ya ndoo za mawese na kreti za soda, ndipo zilipoingia moyoni. Magharibi ni ziwa, na sokwe si mwogeleaji. Kaskazini, kusini na mashariki ni watu. Jike kijana akitaka kuhamia kundi jingine, kama wengi wao wanavyofanya wakipevuka, atapita wapi?

Mwamgongo baba mdogo alinipeleka kwa mzee mmoja ambaye ujanani alikuwa akifyeka njia za watafiti. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu, nikamwonyesha mchoro wangu wa kiota. Nilikuwa nimekichora kama cha ndege, bakuli la vijiti. Mzee hakusema kitu. Alinyanyuka akaenda kwenye mwembe wake, akavuta tawi nene na kulikunja chini bila kulivunja, akalikanyaga. Akavuta la pili kutoka upande wa pili, akalipitisha juu ya lile la kwanza. La tatu hivyo hivyo. Halafu akakunja vitawi vidogo vya pembeni, majani yote yakaingia katikati. Akakibonyeza kwa kiganja kama mtu anayepima godoro. "Dakika chache tu amemaliza. Kesho jioni anatandika kingine, mahali pengine. Mtoto analala humo na mama yake hadi afike kama miaka mitano." Akaliachia tawi moja, likaruka kurudi mahali pake. "Sasa kwenye mihogo utakunja nini?"

Swali hilo ndilo nililolichora.

Nachora kwenye simu, kwa programu ya ibis Paint na kalamu ya skrini ya bei ya chini. Nguvu ya programu hizi ni leya. Unachora kila kitu kwenye karatasi yake isiyoonekana, moja juu ya nyingine: mbingu, ziwa, udongo wa kilima, nyasi, miti. Leya moja ukiizima, kilichomo kinatoweka na vingine vinabaki palepale. Kwa hiyo nilikichora kilima cha nyuma ya kijiji kama kinavyoonekana ukiwa ziwani, nikagawa miti yake kwenye leya tano. Miti mikubwa ya mkaa peke yake. Ya mbao, mininga, peke yake. Ya kujengea, ya kuni, na vichaka vya mwisho vinavyofyekwa shamba linapofunguliwa. Kiota nikakipa leya yake, na ndani yake mama na mtoto, mgongo tu na mkono mmoja mdogo umeshika manyoya. Mkono ule ulinichukua usiku tatu. Kidole gumba cha sokwe ni kifupi na kimekaa mbali na vile vingine, ukikisogeza kidogo tu unakuwa umechora mtoto wa binadamu.

Halafu nikazima leya moja baada ya nyingine, nikipiga picha kila hatua, nikaziunganisha ziwe video ya sekunde arobaini. Miti inaondoka kidogo kidogo. Mwisho kiota kinabaki kimening'inia hewani juu ya mihogo, mama na mtoto bado wamelala. Nilijaribu kukiangusha, nikaona hapana. Nikakiacha pale pale juu.

Katikati ya kazi niliunganisha leya za miti na ya udongo kwa bahati mbaya, nikahifadhi, simu ikazima. Wiki mbili zikaenda na maji. Anayeanza kazi hii naomba anisikie: tunza nakala ya faili kila usiku, uipe namba. Na unapoituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, vinginevyo ule ukijani uliouhangaikia unafika umekuwa matope.

Watu wengi wa huku bando lao ni la salamu na la kuangalia matokeo ya mpira, kwa hiyo sikutegemea mtandao. Nilikwenda kwa mwenye kibanda umiza, kile cha kuonyeshea mpira, nikamwomba sekunde arobaini wakati wa mapumziko ya mechi. Akakubali, ila bila sauti. Kibanda kimejaa, watu wanajadili penalti. Video ikaanza, kelele zikaendelea. Ilipozimika leya ya pili kijana mmoja akasema kwa nguvu, "Aah, si kilima cha kwetu hicho!" Wakageuka. Mwingine akaanza kutaja mashamba: hili la fulani, pale ndipo palipoporomoka mvua ile. Kiota kilipobaki peke yake, pakawa kimya kwa kitambo kidogo. Kisha wakaomba irudiwe, ikarudiwa mara tatu, hata kipindi cha pili kilikuwa kimeshaanza.

Aliyenifundisha zaidi jioni ile ni mama mmoja muuza mkaa aliyenisubiri nje. Kwenye hatua ya kwanza nilikuwa nimemchora mwanamke na gunia kichwani, akishuka kilima. "Umenichora mimi," akasema. Nikakana. "Kitenge hiki hapa, umenichora mimi. Na waliokula chakula kilichopikwa kwa mkaa wangu, mbona hukuwachora?" Sikuwa na jibu. Alizungumza bila ukali: ada ya mtoto, bei ya gesi, na jinsi siku hizi mkaa unavyotoka mbali zaidi kila mwaka, mpaka faida inaliwa na usafiri. Yeye anajua kuliko mimi kwamba miti inaisha, anaisoma kwenye bei ya gunia.

Nilimwomba radhi, na yule mwanamke nikamtoa. Badala yake nikachora jiko, sufuria juu yake, na mikono mingi imezunguka sinia la ugali na migebuka. Nadhani hiyo ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote ndani ya video ile, na isingekuwepo kama mama yule angenyamaza akaenda zake.

Ndiye pia aliyeniuliza, "Sasa baada ya hapo?" Video yangu ilikuwa inaishia kwenye kupotea tu. Nikarudi kwa yule mzee. Akanipandisha kilimani, akanionyesha kisiki cha mti wa miombo kilichokatwa siku nyingi. Pembeni kilikuwa kimetoa machipukizi kama kumi. Mizizi ingali hai chini, akaniambia. Kinachoiua ni kuchoma shamba kila mwaka na kung'oa. Ukichagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu ukayaacha, ukayalinda na moto na mbuzi, mti unarudi haraka kuliko mche wa kitalu, kwa sababu mizizi yake ni ya zamani.

Nikachora sehemu ya pili: kilima kile kile, visiki vikichipua, leya zikiwashwa moja moja kutoka chini kwenda juu, taratibu zaidi kuliko zilivyozimika. Kamati ya mazingira ya kijiji iliomba picha nne zichapishwe kwenye turubai, nazo sasa hutundikwa siku ya mkutano wa kijiji. Watoto husimama mbele yake wakibishana ni kilima gani. Baba mdogo aliiangalia sehemu ya pili na kusema tu kwamba machipukizi niliyachora manene mno.

Baadaye, bila kuniambia, aliacha kuchoma ukingo wa juu wa shamba lake, upande unaotazama hifadhi. Visiki kumi na saba, nimevihesabu. Kila mvua zikikatika napanda boti, nasimama mahali pale pale na kuvichora upya, kila mwaka leya yake. Mwaka huu, ambao ni wa pili, kile kilicho karibu na jiwe kimenifika kiunoni. Matawi yake bado ni membamba, hata ndege akitua yanainama.